Namna ya Kupima Kama Adui wa Mieleka Anaifanya Kazi Yake

Onyesho la Jumatatu la WWE, kampuni ya Marekani ya mieleka ya maonyesho, kwa kawaida huanza saa mbili usiku kwa saa za New York, wakati ambapo sisi wa Lamu tumekwisha kuingia Jumanne, saa tisa au saa kumi za usiku kulingana na majira yao, na adhana ya Alfajiri humkuta mtazamaji pambano kubwa bado halijaanza. Kwa hiyo wengi wetu hulala, tukaamka na kuyapata mambo barazani yakiwa vipande vya dakika mbili mbili kwenye simu, na hapo ndipo mabishano yanapoanza. Mmoja atasema kwamba mwanamieleka fulani ni adui hodari kwa sababu alizomewa mpaka akashindwa kusema, mwingine atasema hafai kwa sababu alipigwa, na wa tatu atasema kwamba yote ni maigizo na hakuna cha kupima. Wote watatu, kwa maoni yangu, wameshika mizani isiyopima kitu hicho.

Nitatumia maneno ya banda la video, kwa kuwa ndiyo tuliyokua nayo: stelingi ni yule tunayetakiwa kumpenda, na adui ni yule tunayetakiwa kumchukia. Gimiki ni mambo ya nje yanayomtambulisha mtu kabla hajafungua kinywa, yaani jina, mavazi, muziki wa kuingilia na vijitabia vyake ulingoni. Uhusika ni yule mtu aliyemo ndani ya mavazi hayo, mwenye anachokitaka na anachokiogopa. Gimiki inaweza kufaulu na uhusika ukafa, na kinyume chake pia hutokea, kwa hiyo viwili hivyo vipimwe mbalimbali.

Ama yule anayesema kwamba maigizo hayapimiki, namkumbusha kirumbizi. Wachezaji wawili huingia uwanjani na bakora zao, zumari likilia, na kila aliyesimama pembeni anajua kwamba hakuna aliyekuja kumvunja mwenzake kichwa. Hata hivyo watu hushtuka, hupiga vigelegele, na mchezaji asiyejua kuwashtua hujulikana mara moja. Kupangwa kwa mchezo hakuuondolei ustadi wala hakuwaondolei watazamaji haki ya kusema nani anaweza na nani hawezi.

Kabla ya kuanza, jipe majuma sita ya kumfuatilia adui mmoja, daftari la kuandikia, na subira. Juma moja halitoshi, kwa sababu adui yeyote anaweza kuwa na usiku mmoja mzuri.

Hatua ya kwanza: andika sentensi moja

Andika sentensi moja inayosema adui huyu anataka nini na kwa nini anajiona ana haki ya kukitaka. Usiandike kwamba "ni mbaya" au "ni katili", kwa kuwa hizo ni sifa ambazo hazituelezi atafanya nini kesho. Mfano wa sentensi iliyokaa sawa ni wa mwanamieleka Roman Reigns baada ya kugeuzwa adui Agosti 2020: anaamini kwamba yeye ndiye anayeilisha familia yake yote, na kwa hiyo kila mwenye damu hiyo anapaswa kumkiri kuwa mkuu, hata kwa kulazimishwa. Ukiwa na sentensi hiyo unaweza kubashiri atakavyomtendea binamu yake, atakavyozungumza na mpambe wake Paul Heyman, na hata atakavyonyamaza. Ubaya wake una mantiki, na sisi watu wa pwani, tunaowajua wakubwa wa ukoo wanaotaka kila harusi ipitie kwao, hatuhitaji kufafanuliwa zaidi.

Linganisha na Kamala, aliyetangazwa miaka ya 1980 kuwa "Jitu la Uganda" na aliyewahi kusemwa kuwa mlinzi wa Idi Amin. Mtu mwenyewe alikuwa James Harris, mzaliwa wa Mississippi, naye alipakwa rangi usoni na tumboni, akatembea peku, na hakupewa neno la kusema. Gimiki ilifanya kazi kwa maana ya kwamba watoto wa Marekani walimwogopa, lakini jaribu kuandika sentensi yake uone: alitaka nini? Hakuna. Alikuwa dubwana la kuletwa mbele ya stelingi na kuondolewa, na sisi majirani wa Uganda tunalo la ziada la kusema juu ya gimiki hiyo, ila nitalifikia baadaye.

Ikiwa baada ya majuma mawili sentensi haijaandikika, si lazima uwe wewe ndiye uliyelala. Weka alama kwamba kuna gimiki na hakuna uhusika, kisha uendelee.

Hatua ya pili: sikiliza ni kelele gani, na zimekuja wakati gani

Kuzomea ni neno moja lakini ni sauti nyingi. Kuna zomeo fupi linaloanza muziki wa adui unapopigwa na kukatika mara tu anapofika ulingoni, ambalo ni adabu tu ya watazamaji, sawa na kuitikia salamu. Kuna zomeo linalopanda anapofanya hila, kwa mfano anaposhika kamba mwamuzi akiwa amegeuka, na hilo ndilo la thamani kwa sababu limefuata tendo. Kuna kuliimba jina la stelingi ambaye hata hayupo, na hilo ni la thamani zaidi. Na kuna kimya, au watu kuanza kuimba nyimbo zao wenyewe zisizohusu pambano, ambacho ni kifo.

Andika dakika na tendo, usiandike "alizomewa sana." Tarehe 3 Aprili 2017 mjini Orlando, siku moja baada ya kumshinda Undertaker, Roman Reigns alisimama ulingoni akazomewa kwa dakika kadhaa mfululizo bila kupata nafasi ya kusema. Kama kelele ndiyo mizani, basi huyo alikuwa adui wa karne. Lakini wakati huo aliwekwa kama stelingi, na watu walikuwa wanawazomea waliomweka. Miaka mitatu baadaye aligeuzwa kuwa adui katika kumbi zisizokuwa na watu, kwa sababu ya korona, huku nyuso za watazamaji zikionyeshwa kwenye viwambo na kelele zikipigwa kwa mitambo. Uhusika bora wa maisha yake ulijengwa kwa karibu mwaka mzima karibu bila zomeo la kweli ukumbini, mpaka watu waliporudi moja kwa moja Julai 2021. Mimi mwenyewe nilikuwa nikihesabu kelele kabla ya hapo, na mfano huo ndio ulionifanya niiache hesabu hiyo.

Kumbuka pia kwamba matangazo yaliyorekodiwa yanaweza kuongezewa sauti kabla ya kurushwa, kwa hiyo macho yako yafanye kazi pamoja na masikio: tazama safu za mbele, uone kama watu wamesimama au wanachezea simu.

Hatua ya tatu: ulizia hasira imetoka wapi

Hii ndiyo hatua inayohitaji muda, na ndiyo inayorukwa na wengi.

Chanzo cha kwanza ni tusi kwa mji. Mtu akisimama uwanja wa Mkunguni mjini Lamu akatangaza kwamba watu wa Lamu hawajui kuendesha punda, atazomewa hata kama hana kipaji cha chembe, na akienda kijiji jirani cha Shela akayasema hayo hayo, atazomewa vile vile. Adui anayeitukana timu ya mpira ya mji aliofikia anafanya jambo hilo hilo. Si kosa kulifanya mara moja kuwachangamsha watu, lakini hasira hiyo inabaki mjini. Haimfuati yeye kwenda ulingo unaofuata. Katika daftari, kila zomeo lililotokana na tusi kwa mji lipigie mstari usilihesabu.

Chanzo cha pili ni uchovu. Watu wamemchoka mwenyewe, si uhusika wake, na wanachotaka si kumwona akipigwa, wanataka aondoke kwenye skrini. Dalili yake ni kwamba hata anapopigwa hakuna anayefurahi. Ukiwa barazani utaitambua kwa maneno: mtu hasemi "nangojea siku yake", husema "akija huyu mimi huzima."

Chanzo cha tatu ni habari za dunia, na hapa msomaji Mwislamu wa pwani ana jicho ambalo waandishi wa hadithi hizo hawakulitarajia. Iron Sheik, aliyekuwa Muirani kweli na mwanamieleka kweli, alitumia chuki iliyobaki baada ya Wamarekani kushikwa mateka Tehran kwa siku 444 kati ya 1979 na 1981. Alimnyang'anya Bob Backlund mkanda wa ubingwa tarehe 26 Desemba 1983 katika ukumbi wa Madison Square Garden, na tarehe 23 Januari 1984 Hulk Hogan akamnyang'anya yeye. Siku 28 tu. Chuki ya mkopo ilikopwa ikalipwa kabla haijaoza, na Hogan akajengeka juu yake kwa miaka mingi.

Muhammad Hassan wa mwaka 2004 na 2005 ni kisa kigumu zaidi. Aliigizwa na Mark Copani, Mmarekani mwenye asili ya Kiitalia, na uhusika wake ulianza kwa hoja ambayo mtu yeyote aliyewahi kutolewa kando kwenye foleni ya uwanja wa ndege kwa sababu ya jina lake ataielewa: kwamba yeye ni Mmarekani aliyezaliwa kule, na tangu Septemba 2001 majirani wanamtazama kama mhalifu. Sentensi yake ya hatua ya kwanza inaandikika, tena vizuri. Anataka heshima, anaamini amenyimwa, na kinachomfanya awe adui ni kiburi na hila zake za ulingoni. Hadi hapo gimiki na uhusika vilikuwa vikisaidiana. Kisha waandishi wakaiacha hoja wakaichukua picha iliyo rahisi: katika onyesho lililorekodiwa tarehe 4 Julai 2005, wanaume waliofunika nyuso walimshambulia Undertaker kwa niaba yake, wakamkaba kwa waya. Onyesho likarushwa Marekani tarehe 7 Julai, siku ile ile mabomu yalipolipuliwa kwenye treni na basi mjini London. Kituo cha televisheni kilichokuwa kikilionyesha hakikumtaka tena, na tarehe 24 Julai Undertaker akamwangamiza, ikawa mwisho wake katika kampuni hiyo.

Wapo wanaosema kwamba alifaulu kwa sababu alichukiwa kuliko wote. Mimi nasema alichukiwa kwa kitu ambacho si chake. Mtazamaji alipomzomea alikuwa anamzomea jirani yake anayeuza duka, na hasira ya namna hiyo haiwezi kulipwa ulingoni, kwa sababu hata stelingi akishinda mara mia, yule jirani bado yupo dukani. Kamala naye anaingia hapa. Ukimtazama akiwa Mississippi ni jitu la kutisha. Ukimtazama ukiwa mahali ambapo Waganda ni walimu wako, wateja wako au wakwe zako, unaona tu mtu aliyevishwa ujinga wa wengine kuhusu kwenu. Kwa hiyo liweke swali hili katika daftari: je, gimiki hii ingefanya kazi mbele ya watu wanaosemwa na gimiki yenyewe? Ikiwa jibu ni hapana, kuna kasoro, hata kama ukumbi umejaa.

Chanzo cha nne, ambacho ndicho tunachokitafuta, ni tendo la adui mwenyewe dhidi ya mtu tunayemjua. Tarehe 3 Septemba 2022 mjini Cardiff, Dominik Mysterio alimpiga baba yake, Rey Mysterio, mbele ya umma. Mtoto kumpiga mzazi hakuhitaji mkalimani wala ramani. Ikafika wakati akawa hawezi kukamilisha sentensi kwenye maikrofoni mji baada ya mji, na zomeo hilo lilisafiri naye, tofauti kabisa na lile la kuutukana mji.

Hatua ya nne: mwache adui, mtazame stelingi

Hasira ni deni ambalo adui hulichukua kwa watazamaji, na anayelipokea malipo ni stelingi. Kwa hiyo katika juma la tatu na la nne usimwandike adui kabisa. Andika kama stelingi anashangiliwa zaidi kuliko alivyokuwa kabla ya uhasama kuanza. Hilo lisipotokea, adui anakula mtaji.

Vince McMahon, aliyekuwa mwenye kampuni ya WWE, hakuwa mwanamieleka wa kudumu, lakini kwa kipimo hiki ni miongoni mwa maadui bora waliowahi kutokea. Tarehe 9 Novemba 1997 mjini Montreal alimdhulumu mwanamieleka Bret Hart mkanda kwa kuamuru kengele ipigwe, na badala ya kukimbia chuki hiyo akaivaa, akawa bosi dhalimu. Kila alichokifanya mwaka uliofuata, awe anafoka, anatetemeka au anaanguka chini kwa kupigwa, kilimwinua stelingi Steve Austin. Yeye alionekana mdogo makusudi.

Kinyume chake ni John Cena. Aligeuka tarehe 1 Machi 2025 mjini Toronto, baada ya miaka kama ishirini ya kuwa stelingi wa watoto, na tendo lenyewe la kumpiga Cody Rhodes lilikuwa zito. Lakini mwaka ule ndio alioutangaza kuwa wa kuaga, watu walikuja ukumbini kumuaga, na The Rock, ambaye ndiye aliyeonekana kumnunua, hakutokea hata kwenye WrestleMania, onyesho kubwa la mwaka la WWE, mwezi Aprili. Nikipima kwa stelingi, sikuona Rhodes akiongezeka kitu. Mwanzoni mwa Agosti Cena alikuwa amerudi kwenye wema. Sioni kwamba alishindwa kuigiza. Deni lilikopwa kwa watu ambao hawakuwa tayari kukopesha.

Hatua ya tano: zima sauti

Tazama pambano moja zima bila sauti. Adui hodari anaonekana kwa mwili: anakawia kuingia ulingoni, anateleza chini ya kamba stelingi anapopata nguvu, anapiga kisha anatazama watu. Hulk Hogan alipogeuka tarehe 7 Julai 1996 huko Daytona Beach, watu wakautupia ulingo takataka, na baadaye akaziacha nguo za njano na nyekundu akavaa nyeusi na kuzipaka ndevu zake rangi nyeusi. Lakini zaidi ya nguo, alianza kukimbia mapambano, yeye aliyekuwa hakimbii mtu. Bayley mwaka 2019 alikata nywele na kuirarua midoli mirefu ya upepo iliyokuwa ikimpokea mlangoni, na tangu hapo hata namna ya kutazama ikabadilika.

Adui anayebadilisha nguo na kuendelea kuruka kutoka juu ya nguzo kwa madoido yale yale anawaomba watu wampigie makofi, nao watampigia. Hapo gimiki inasema hivi na mwili unasema vile.

Hatua ya sita: mwite mtu asiyetazama mieleka

Hatua hii ni fupi. Katika juma la sita, mketishe karibu nawe mtu ambaye hajui majina wala historia, umwonyeshe dakika kumi bila kumweleza chochote, kisha umwulize nani mbaya na amekosa nini. Akikosea nani mbaya, uhusika haujasimama. Akimtambua mbaya kwa mavazi lakini asijue kosa, gimiki inafanya kazi peke yake. Akitaja kosa, vyote viwili vimekaa.

Kuamua la kufanya na majibu

Hukumu ngumu zaidi ni ya adui aliyefaulu mpaka akaanza kupendwa. Dominik ni mfano tena: baada ya kulala kizuizini saa chache katika hadithi ya Krismasi ya 2022, akajifanya jambazi aliyeozea gerezani, na upuuzi huo ukamfanya achekeshe huku akichukiwa. Baba yake alimshinda WrestleMania tarehe 1 Aprili 2023, deni likalipwa, na miaka miwili baadaye watu walikuwa wanamshangilia. Huko si kushindwa. Deni lililolipwa huacha nafasi, na mwanamieleka mwenye akili huitumia kugeuka. Kushindwa ni pale watu wanapoanza kumpenda adui kabla stelingi hajalipwa, kama walivyoanza kumpenda Austin, aliyekuwa adui wakati huo, kabla ya tarehe 23 Machi 1997; na hata hapo waandishi wenye busara walikubali yaliyokuwa yakitokea, wakamwacha Austin, katika pambano la siku hiyo na Bret Hart, azimie kwa maumivu huku damu ikimtoka bila kusalimu amri, akatoka stelingi, na Hart aliyeingia akiwa stelingi akatoka adui.

Mara ya mwisho nilipoifanya hatua ya sita, niliyemwita ni shangazi yangu, ambaye alikuwa akichambua mchele na hakuwa na haja na televisheni. Alitazama kwa dakika chache, akaweka ungo chini, akaniuliza, "Mwanangu, huyu atapigwa lini?" Nikamwambia Jumapili ya wiki inayofuata, saa tisa usiku. Akasema nimwamshe.